Mama Mkwe Apanda Jukwaani

Merle Haddow alikuwa bado amevaa glavu nyeupe za kuazima pale mwamuzi aliposimama na kuutangazia ukumbi mzima wa Newcastle kwamba kikundi cha maigizo cha Kurri Kurri, mji wa wachimba makaa, kimeshika mkia kwenye mashindano.

"Mmevaa vizuri, na kusimama mnasimama vizuri," alisema mwamuzi huyo, mzee wa Wales aitwaye Idwal Prytherch, mwigizaji na mtunzi wa michezo. Alikuja Australia na kundi la wasanii, kundi likavunjika, yeye akabaki. "Lakini mnaongea kama watu ambao hawajawahi kufika kwenu. Hivi huko kwenu nani anapiga kengele aletewe kofia na mtumishi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Merle alizivua glavu kidole kimoja kimoja.

Jumapili iliyofuata walikuwa mazoezini kwenye ukumbi wa wachimbaji, mara mlango ukafunguliwa. Mzee Idwal huyo, kofia mkononi.

"Nimekuja kuomba radhi kwa kuwachekesha watu," alisema. "Kwa niliyoyasema siombi. Ni kweli."

"Basi umepoteza nauli bure, mzee," alijibu Les Tunks, mchimbaji mwenye kitambi ambaye kila mwaka alipewa nafasi ya bwana mkubwa. "Radhi nusu hapa hatuli."

Idwal akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kile wote walikijua. Kilitoka chini ya ardhi. Walipomuuliza, akasema ndiyo, alichimba makaa ya mawe kwao tangu utotoni, kabla hajalijua jukwaa. Wakamvutia kiti. Alikaa nao msimu wote wa baridi.

Namna yake ya kufundisha iliwashangaza. Hakuleta kitabu. Alimtaka kila mmoja asimulie jambo aliloliona kwa macho yake, kwa mdomo uleule anaotumia kugombana na jirani. Les alisimulia farasi wa mgodini aliyegoma kusogea mpaka aimbiwe, na watu wakashika mbavu. Masimulizi hayo Idwal aliyashona yakawa mchezo mmoja, mchezo wa siku ambayo paa la mgodi lilianguka. Hakuna aliyeuliza siku gani. Clarrie, mume wa Merle, alikuwa miongoni mwa waliobaki chini.

"Na wewe Merle?" Idwal aliuliza. "Ulipofika nyumbani siku ile, ulifanya nini?"

"Nilipika chai."

"Si kweli."

"Wewe andika unachotaka, mimi nitakisema."

"Nataka chako, mama, si changu."

"Unataka nivue nguo mbele ya majirani zangu!" Merle alichukua koti lake, akatoka, na mlango ukagonga nyuma yake.

Kesho yake Idwal alikwenda nyumbani kwake. Aliyefungua mlango ni Vera, mama yake Clarrie. Tangu msiba, wajane hao wawili, mama na mkwe, walikaa nyumba moja kwa heshima zote kama wapangaji. Tafadhali na asante hazikuwaisha, lakini jina la Clarrie halikutajwa.

"Wewe ndiye yule Mwelshi unayemliza mkwe wangu?"

"Ndiye mimi, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Naona hiyo ndiyo kazi yako. Pangusa viatu."

Jikoni Merle alikuwa anamenya viazi, na hakuinua kichwa. Vera alimimina chai, akaketi mkabala na mgeni.

"Ulitaka akwambie nini?"

"Kilichotokea mliporudi kutoka mgodini."

Kisu cha Merle kikasimama. Vera alikizungusha kikombe chake kwenye kisahani.

"Shati lake lilikuwa kwenye kamba," alisema. "La bluu. Mimi nilishika mkono huu, huyu akashika mkono ule. Tukavutana uani, wanawake wazima, majirani wamejaa uzioni. Likachanika. Kila mtu akaingia chumbani kwake na kipande chake."

"Mama," Merle alinong'ona.

"Nini? Mtaa mzima uliona. Tunamficha nani?"

Idwal aliweka kikombe chini. "Msipotaka, sitaliandika. Nawapa neno langu."

Merle aliweka kisu juu ya viazi. Akauliza, "Nani atakuwa Mama?"

"Labda Dot Mulvaney."

"Dot!" Vera aling'aka. "Yule anayetembea kama bata? Thubutu! Nitapanda mwenyewe."

Akapanda kweli. Mazoezini aligombana na kila mtu, akakataa poda usoni, akamwambia Les anameza maneno kama anameza nyama. Mashati makuukuu ya mtaa yaliisha kwa kuchanwa.

Mchezo ulionyeshwa Jumamosi mchana, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Ikafika sehemu ya shati. Merle alishika mkono mmoja, Vera akashika mwingine. Wakavutana. Ghafla Vera akaachia.

Merle akaenda chini, kalio pwaa! Watu wakacheka. Kicheko kikakatika, maana Vera alikuwa amesimama mikono mitupu, akimwangalia mkwewe pale sakafuni.

"Chukua wewe," alisema, na maneno hayo hayakuandikwa popote. "Mimi nilikuwa naye kwanza. Wewe ulikuwa naye mwisho."

Merle alisahau yote aliyopaswa kusema. Alitambaa na shati lake mpaka miguuni kwa Vera, akaikumbatia. Pembeni, nyuma ya pazia, Idwal alikuwa na karatasi mkononi. Angeweza kuwakumbusha maneno. Hakuwakumbusha.

Baada ya hapo miji mingine ya makaa iliwaita. Huko nako watu walianza kuitunga michezo ya kwao, kwa lafudhi zao, na glavu za kuazima zikakosa mtu. Mapafu ya Idwal yalimshinda msimu wa baridi uliofuata. Walimzika Kurri Kurri, na Merle akaishika kazi yake.

Lakini jioni ile ya Jumamosi, wenyewe wawili walirudi nyumbani kwa miguu, Merle akichechemea. Vera alipasha mchuzi wa kondoo, akampakulia.

"Hivi," alisema akiwa bado amesimama na upawa, "alikwambiaje siku anakuposa? Hakuwahi kunieleza, yule mtoto."

"Alisema mama yake anapika vibaya, Mama. Anataka kuhama."

Vera alitumbua macho. Kisha akacheka, akavuta kiti, akaketi. "Endelea," alisema.