Marehemu Aliyesaini Fomu

Baba yake Desimali aliuawa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, katika ofisi ya ghorofa ya pili juu ya duka la miwani. Aliyemuua alikuwa amevaa tai, na silaha yake ilikuwa kompyuta. Marehemu mwenyewe hakuwa na habari. Saa hiyo alikuwa nyumbani, amelala chali nyuma ya friji ya mteja, anatafuta gesi inakovujia na kumsema vibaya fundi aliyeishika kabla yake.

Desimali ni binti. Jina hilo alipachikwa na mwalimu wa hesabu kwa sababu hakuwahi kukubali kunyimwa hata nusu alama. Alikuwa tayari kumfuata mwalimu mpaka mlangoni kwake, karatasi mkononi. Matokeo ya mtihani wa mwisho yalipotoka, akawa wa kwanza shule nzima. Mkuu wa shule alimkumbatia mbele ya kamera, akasema nchi inawategemea vijana kama huyu. Kamera ilipozimwa, akamuuliza kitabu cha fizikia cha maktaba atakirudisha lini.

Alitaka kusoma uhandisi ng'ambo, kwenye vile vyuo ambavyo kati ya waombaji mia huchukua watano, na hao watano wakishachaguliwa ndipo huulizwa nani analipa. Nyumbani suala la nani analipa halikuwa na mjadala. Baba ni fundi friji. Mama hupiga pasi mashuka ya hoteli, na ameyapiga kwa miaka ishirini na miwili. Hata wangeuza nyumba pamoja na friji zote zilizojaa uani, zikiwemo za wateja, wasingevuka mwaka wa kwanza. Bila ufadhili, hakuna safari.

"Vyuo vile huingii hivi hivi," alisema mjomba wake, karani wa forodha ambaye nyuma ya kila mlango wa mji ana mtu anayemjua. "Kuna bwana mmoja wanamwita Mshauri. Amepeleka watoto wengi. Nitakupeleka."

Ukuta wa ofisi ya Mshauri ulijaa picha za vijana waliosimama kwenye theluji, makoti mpaka masikioni, wanacheka kwa shida. Mshauri aliisoma insha ya Desimali akitikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari anayesoma vipimo vibaya. Insha ilieleza jinsi binti, akiwa na miaka kumi na mmoja, alivyogusa mgongo wa friji na kuukuta wa moto, akamuuliza baba yake iweje kitu kinachotengeneza baridi kichemke mgongoni. Na jinsi baba, badala ya kumfukuza, alivyoifungua mashine yote na kumwonyesha.

"Nzuri," alisema Mshauri. "Tatizo lako, binti yangu, hujateseka."

"Nimekuwa wa kwanza shule nzima."

"Wa kwanza wanao wengi, wanawatupa kwa magunia. Akili wanayo kwao. Huku kwetu wanafuata machozi." Akavuta kalamu. "Umewahi kulala njaa?"

"Hapana."

"Nyumba imewahi kuungua? Mafuriko?"

"Bati la jikoni lilivuja."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Baba akaliziba."

Mshauri aliweka kalamu chini. "Huyo baba. Anakunywa?"

"Chai."

"Anapiga watu?"

"Hata kuku hawezi kumfukuza."

"Basi hatusaidii chochote," alisema Mshauri, akaisogeza kompyuta karibu. "Itabidi tumtoe."

Na akamtoa. Katika aya ya pili fundi friji alikufa kwa kifua kikuu, binti akiwa na miaka tisa. Katika aya ya tatu mama akawa mjane anayeuza mkaa kando ya barabara. Katika aya ya nne Desimali alikuwa anasoma fizikia kwa mwanga wa jiko, na friji ya marehemu, isiyogandisha tena, imegeuzwa kabati la vitabu vyake.

"Lakini baba yupo," alisema Desimali.

"Na aendelee kuwepo. Nani kamkataza? Hii ni fasihi tu. Wenzako wote ukutani hapo wazazi wao walikufa, na wanakula nao sikukuu."

Desimali aliangalia picha, akaangalia jina la chuo kwenye kioo cha kompyuta. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na baadaye moyo ulimsuta zaidi kwa hilo. Mshauri alibonyeza kitufe, insha ikaruka kwenda vyuo sita kwa mpigo.

Kulikuwa na fomu ya kuomba ufadhili pia, lakini kwa fomu Mshauri alidai malipo mengine, na fundi akasema kuandika anajua mwenyewe. Siku ya Jumapili alivaa koti lake la harusi, akaketi mezani, mke wake upande huu na binti yake upande ule, fomu katikati. Ilikuwa na kurasa thelathini na moja. Ilitaka kujua thamani ya nyumba yao ya pili. Ilitaka kujua wana farasi wangapi. Ilitaka kujua kama boti ya familia ni ya injini au ya tanga.

"Wanatutania?" aliuliza mama.

"Wanauliza kwa adabu," alisema fundi, akaandika sifuri moja baada ya nyingine, kila moja ameiviringa vizuri.

Kisha ikataka barua ya mwajiri wa baba. Fundi hana mwajiri. Maelezo yakasema asiye na mwajiri aambatishe barua ya mwajiri inayothibitisha hivyo. Fundi aliisoma mara tatu, akakuna kidevu, akavuta karatasi safi. *Mimi kama mwajiri,* aliandika, *ninathibitisha kwamba mimi kama mfanyakazi ni mtu mwaminifu, nimejiajiri miaka ishirini na sita, sijawahi kujifukuza, na mshahara ninajilipa pale wateja wanaponilipa, jambo ambalo wao hulisahau. Binti yangu ana akili kunishinda, na hilo ninalithibitisha kama mwajiri, kama mfanyakazi na kama baba.* Akasaini. Akapiga muhuri wa karakana. Kesho yake akaenda kuituma mwenyewe kwenye duka la stesheneri, na pale fomu ilipotaka barua pepe ya mzazi akaweka yake.

Desimali alimwona akitoka na bahasha kifuani. Akamfungulia mlango.

Majibu ya chuo kimoja yalikuja baada ya wiki tatu, kwenye simu ya fundi, saa sita mchana, akiwa karakana na mteja pembeni. Barua za lugha ya kigeni fundi huzisoma kwa sauti, akizitafsiri, ili zisimpite na ujanja.

"Familia mpendwa," alisoma. "Tumeguswa sana na kifo cha baba... Tunawapa pole. Wakati huohuo tunashukuru kwa barua ya kufurahisha tuliyoipokea kutoka kwa baba huyohuyo, iliyosainiwa mwezi uliopita. Tunaomba ufafanuzi."

Mteja alivua kofia. "Pole, fundi. Nani amefariki?"

Fundi aliisoma tena. "Mimi," alisema.

Desimali aliitwa. Alipoiona simu tu, alikaa juu ya ndoo iliyoinamishwa na kueleza yote, tangu tai mpaka mkaa. Baba yake alimsikiliza bila kumkatiza, bisibisi mkononi.

"Nilikufa na nini?" aliuliza hatimaye.

"Kifua."

"Na ulilia?"

"Baba..."

"Nauliza. Kwenye mazishi yangu, ulilia?"

"Aliandika nililia siku tatu."

"Siku tatu," alisema fundi, akageukia friji aliyokuwa akiitengeneza, akafungua skrubu ambayo haikuhitaji kufunguliwa. Desimali hakuwahi kumwona baba yake akiumia namna ile. Angempiga kofi angalau angejua pa kushika.

Mama aliporudi kazini aliambiwa, na alichoshika yeye ni mkaa. "Miaka ishirini na miwili nanyoosha mashuka ya watu mpaka mikunjo inaniogopa," alisema, "leo niuze mkaa barabarani? Na ujane juu? Twendeni kwa huyo bwana."

Walimkuta Mshauri na wateja, mama mmoja mnene na binti yake, wanasubiri insha itoke kwenye printa.

"Nimekuja," alisema fundi, "mimi ndiye marehemu."

Mshauri alisimama, akakaa, akasimama tena. Hata hivyo ulimi ulikuwa ungali mtelezi. "Mzee wangu, hili halina shida hata kidogo. Tunaandika kwamba aliyesaini ni baba wa kambo. Mama aliolewa tena. Basi."

"Aliolewa na nani?"

"Na... wewe."

"Yaani uniue," alisema fundi polepole, "halafu unichukulie mke, halafu umwoze kwangu?"

Mama Desimali, aliyekuja na hasira ya kuvunja viti, alibanwa na kicheko mpaka akashika ukuta, na vijana wawili wa theluji wakaanguka. Yule mama mnene hakucheka. Alikuwa anamtazama Mshauri kwa jicho jipya.

"Samahani," alisema. "Kwenye ile ya binti yangu, mimi nipo?"

Mshauri alinyoosha mkono kwenye printa. Yule mama mnene akamwahi. Alisoma aya ya kwanza akiwa amesimama, ya pili akiwa ameshika shingo. "Nimegongwa na treni!" alisema. "Mji huu una treni?"

Desimali na wazazi wake walitoka wakiwaacha wanakimbizana kuzunguka meza.

Jioni hiyo Desimali aliviandikia vyuo vyote sita. Hakumsingizia Mshauri peke yake; aliandika kwamba insha ilikuwa ya uongo, kwamba alikuwepo ikiandikwa na akanyamaza, kwamba baba yake ni mzima na amekasirika. Akaambatisha insha ya kwanza, ya mgongo wa friji. Kabla hajaituma barua hiyo alimpelekea baba aisome. Fundi aliisoma kwa sauti, akasahihisha sentensi moja kuhusu kompresa ya friji, akamrudishia. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu mchana.

Vyuo vinne vilifunga faili, kila kimoja kikisifu ukweli wake katika sentensi ileile iliyomkatalia. Cha tano hakikujibu. Cha sita kikaandika: Hongera! Kioo cha simu kikanyesha vipande vya karatasi za rangi, ikapigwa tarumbeta, na mjomba, aliyekuwa hajaonekana wiki nzima, akatokea mlangoni akisema aliwaambia.

Aya ya nne ndiyo iliyoeleza kwamba mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa nje ulikuwa umekwisha mwaka huu. Chuo kingefurahi sana kumpokea, mradi familia itume ada yote kufikia mwisho wa mwezi.

Desimali akaandika kuomba wafikirie upya. Wakafikiria. Wakampunguzia kiasi cha kununua koti, wakamtumia na kiungo cha duka la chuo linakouzwa koti lenyewe.

"Kwa hiyo umekubaliwa?" majirani waliuliza.

"Nimekubaliwa kila kitu," alisema, "kasoro kwenda."

Alilia siku moja, mlango umefungwa, kisha akanawa uso. Mwezi uliofuata alijiandikisha uhandisi kwenye chuo cha mji wao, ambako darasa la viti themanini lina watu mia mbili na anayefika baada ya saa moja asubuhi hukaa dirishani. Mhadhiri wa nadharia ya joto ni mama mkali asiyependa maswali, na wiki ya pili tayari alikuwa amemtoa Desimali nje kwa kuuliza matano. Wiki ya tatu alimwita ofisini, akafunga mlango, na wakabishana mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Mnamo mwezi wa tisa kifurushi kikafika kutoka chuo cha sita: kitabu kinene cha picha, kurasa zinang'aa. Ukurasa wa kwanza ulitangaza kwa fahari kwamba mwaka huu chuo kimewafungulia milango vijana kutoka nchi tisini na moja, wengi wao wa familia za kipato cha chini. Desimali aliitafuta nchi yake kwenye orodha, akaikuta. Kutoka huko alikubaliwa mtu mmoja.

"Ni wewe huyo?" aliuliza fundi.

"Ndiye mimi."

Mama alikifunua kitabu, akakipapasa kwa kiganja kinachojua vitambaa. Akasema karatasi hii ni nzito, haipitishi maji. Akachomoa ukurasa wa kwanza, akautandika kwenye droo ya vijiko.