Magunia Matatu ya Nyanya

Msimu uliopita fundi cherehani aliiunguza bustani yake yote ya nyanya kwa samadi mbichi ya kuku. Safari hii alitaka kujua kwanza, ndipo apande.

Alijaza magunia matatu nyuma ya nyumba. Moja lilikuwa na udongo na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. La pili, udongo na mboji ya majani na maganda ya jikoni. La tatu halikuwa na udongo hata chembe: nyuzi za makumbi ya nazi, na samadi ya kuku iliyokaa mpaka ikapoa. Miche ilitoka kitalu kimoja, maji yakapimwa kwa kopo lilelile.

Tofauti ikaanza kuonekana. Nyanya za samadi ya mbuzi zilinenepa mashina. Za mboji zilikwenda mdogo mdogo. Za makumbi zilidumaa, majani yakawa ya manjano, naye hakujali, maana hata kudumaa kulikuwa jibu.

Asubuhi moja akakuta tope jeusi limerundikwa shinani mwa za makumbi, na za mboji pia. Mama mkwe wake alikuwa kibarazani ananawa mikono.

"Mama, umeweka nini huku?"

"Samadi kidogo tu, mwanangu. Nimechota kwenye lile gunia la mbuzi. Haya mawili yalikuwa yanatia huruma."

Angekuwa mama yake mzazi, wangemalizana palepale.

"Asante, mama," alisema, meno yamebana.

Baada ya wiki mbili mumewe alichungulia magunia. "Lakini si zote sasa zimeshika rangi ya kijani?"

"Zimeshika rangi kwa sababu ya nini? Hebu niambie."

Mume akakumbuka ana simu ya kupiga.

Mvua zilikuwa zimeshabisha hodi, hapakuwa na muda wa kuanza upya. Akamwaga samadi ya mbuzi bustani nzima, akapanda huku amenuna.

Nyanya zikazaa, tena vizuri. Majirani walisifu, na mama mkwe akawaeleza kwa kirefu jinsi mimea inavyotaka kuonewa huruma. Fundi aliendelea kuchuma. Huenda mboji ingezaa mara mbili. Huenda makumbi yalihitaji muda tu. Kilichomkera ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu bila kuonekana mkosa adabu.

Mavuno yalipokwisha alibeba yale magunia matatu, sasa matupu, hadi kwenye chumba chake cha kushonea, akayapanga kwenye ua wa nyuma yake tayari kuanza jaribio upya, na ufunguo wa mlango wa uani akauvaa shingoni.