Trela Nyuma ya Nyumba

Callixte alilinunua lile trela bila kumwambia mkewe. Kila asubuhi, akienda kazini ghalani katika mji wa Eden Prairie, ughaibuni, aliliona limeegeshwa kwenye uwanja wa mjane mmoja aitwaye Velma: kijumba cha bati cha mwaka 1964, chenye magurudumu, cha kukokotwa na gari. Wenzake kazini walikuwa na matrela ya namna hiyo, na kila kiangazi waliyapeleka maziwani. Jumamosi moja mwezi wa tano akalivuta hadi kwao Columbia Heights, akaliegesha nyuma ya nyumba waliyopanga, akamwita Bernardine aje aone.

Bernardine alifungua mlango, akaingiza kichwa, akakitoa. Ndani kulinuka mbao zilizolowa.

"Mimi humo silali," akasema, akarudi jikoni.

Callixte alidhani hasira zitamwisha. Hakuwa amewahi kufanya useremala, lakini alitazama video, akaazima drili kwa Pacifique wa kanisani, akaanza kubandua kuta. Kila ubao alioutoa ulifichua mwingine uliooza zaidi. Sakafu ilibonyea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Akiziba dirisha kwa silikoni, maji yalipitia kwenye kona. Binti yao Héritière alimuuliza, kwa Kiingereza, kama kweli wangewahi kwenda popote.

Bernardine, akirudi kutoka kuhudumia wazee, alizunguka kwa mlango wa mbele ili asilione. Siku moja Callixte alichoka na kimya hicho. Alijua trela linamkumbusha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu; akamwambia kwamba yeye pia alikaa kule miaka tisa, na kwamba trela na kambi havifanani.

"Kule hatukuweza kuondoka, Mama Héritière. Hili lina magurudumu."

"Pua yangu haijui habari ya magurudumu."

Mwezi wa sita mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Callixte akanunua turubai la bluu, akafunika paa, akalifunga kwa kamba. Mchana wa siku ya tatu alikuwa ndani akikinga maji kwa ndoo, akasikia turubai likivutwa. Alipotoka alimkuta Bernardine mvuani na sare yake ya kazi, amezungushia kamba mkononi, anavuta kwa nguvu zote. Alimsihi aache, lakini hakuacha. Turubai lilipoanguka matopeni, ndipo Bernardine aliposema.

Mtoto wao wa kwanza, Ntwali, alifia kambini akiwa na miezi saba. Wakati huo Callixte alikuwa ametoka kwenda kutafuta kibarua cha kulima. Aliporudi aliambiwa ni homa ya mapafu. Alilia, akasali, hakuuliza zaidi. Sasa Bernardine alimweleza jinsi turubai la nyumba yao lilivyochanika, na jinsi alivyosimama akishikilia kile kipande kwa mikono, saa baada ya saa, ili maji yasimfikie mtoto.

"Nilikaa chini kidogo tu. Niliposimama, alikuwa amelowa mwili mzima. Miaka yote hii nangoja uniulize, na wewe huulizi."

"Niliogopa," Callixte alisema. "Niliogopa nawe ungeniuliza nilikuwa wapi."

Akamshika Bernardine mkono, wakaingia ndani ya nyumba.

Kesho yake Callixte alisema atalirudisha trela kwa Velma. Bernardine alikataa, hakutaka iwe yeye ndiye aliyemnyima binti yao safari. Ila turubai lisionekane tena hapo. Basi Callixte akang'oa paa lote, akaanza upya na bati jipya, akakosea, akarudia, hadi mwezi wa tisa. Jumapili moja Bernardine aliingia peke yake, akatazama dari, akatoka.

Walikwenda ziwani kwa siku moja tu, wakakubaliana kurudi kulala nyumbani. Bernardine alipika samaki nje na hakuingia trelani. Walipokuwa wakila alimwambia Héritière kwamba aliwahi kuwa na kaka. Msichana aliacha kula. Akauliza, kwa Kiswahili, aliitwa nani.

Callixte aliweka sahani chini, akamtazama mkewe. Bernardine ndiye aliyelitaja jina.