Msimu wa Kobe

Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kwa upinde, mwanzoni mwa Oktoba, Irja Lampinen alikuwa uani mwa ofisi ya wanyamapori, kaskazini mwa Michigan, akipima kulungu walioletwa na wawindaji. Kila kulungu alimfunua kinywa, akamkisia umri kwa meno yake, akahesabu matawi ya pembe, kisha akafunga lakiri ya bati kwenye shina la pembe. Kwa kanuni ya idara, mnyama mwenye lakiri ni mnyama wa kuwindwa.

Mzee Reino Koskela, aliyestaafu mgodini, alipofikiwa na zamu akatua ndoo juu ya mizani.

"Nimemkuta anavuka barabara pale kinamasini, mwanangu. Nimesimama nikampisha. Hata asante hakusema."

Ndani ya ndoo alikuwamo kobe mwenye koo la manjano. Pembe zake zilikuwa ngumu, zimekwisha kuambua ngozi, zenye matawi sita, kila moja urefu wa kidole. Irja alimpima, akahesabu, na mkono wake uliozoea kazi ukafunga lakiri kabla yeye hajauamuru.

"Umemfunga," alisema Reino.

"Nimemfunga."

"Basi keshakuwa kitoweo."

Foleni nzima ilikijua kisa cha kinamasi. Idara huishi kwa ada za vibali vya uwindaji, na fedha zake hufuata nyayo za mwenye silaha. Bata walikuwa wamekihama kinamasi kile, wawindaji wakawafuata bata, na hapakuwa na mtu aliyenunua kibali cha kumtazama kobe. Ijumaa mlango wa lambo lililoyazuia maji yake ungefunguliwa, maji yatoke, na ardhi wauziwe wachimba kokoto. Irja alikuwa amewaombea kobe wale kiangazi kizima, na hakusikilizwa.

Vernon Tackett, mkuu wa ofisi, alitoka na kikombe cha kahawa mkononi.

"Matawi mangapi?"

"Sita, bosi."

"Wengine je?"

"Wote niliowaona wanazo," Reino alijibu. "Hata vitoto vimeanza kuota vinundu."

Tackett akaingia ndani kupiga simu makao makuu. Mtu mmoja aliyekuwa nyuma ya foleni akauliza, "Sasa huyu unamvizia mtini, au unamngojea tu mpaka afike?" Wenzake wakacheka kidogo, wakaacha.

Tackett aliporudi alikuwa ameshika mkasi.

"Wamekubali. Mradi kobe anawindwa, maji yanabaki, na msimu wake unafunguliwa Jumamosi. Lakini lakiri ni yako, dada Irja, hukuagizwa na mtu. Ukitaka, ikate, tuseme hatukuona kitu. Ijumaa tutafungua lambo kama tulivyopanga."

"Hakuna njia ya tatu?"

"Nani atailipia?"

Irja akaupokea mkasi, akausogeza penye lakiri. Kobe alipouona alitaka kurudisha kichwa ndani. Pembe ziligonga ukingo wa gamba, tok, zikakwama. Akajaribu tena kwa upande. Zikagonga tena. Uani hapakusikika kingine. Kobe akatulia, shingo nje, macho yake juu ya Irja.

Irja akauweka mkasi mezani.

"Mrudishe ulikomtoa, mzee wangu," alimwambia Reino. "Lakiri iache."

Jumamosi kinamasi kilikuwa kimejaa hadi kwenye mizizi ya mierezi. Magari yalipangana kando ya barabara tangu alfajiri, na watu waliovaa makoti ya rangi ya chungwa walikula maandazi ya nyama na viazi wakisubiri kupambazuke. Irja alikuwa ameleta mizani ya jikoni, kwa kuwa ile kubwa haikusoma sawasawa uzito mdogo.

Mwindaji wa kwanza alileta kobe aliyefungwa ndani ya gazeti, shingo imenyooka.

"Hakujificha?" Irja aliuliza.

"Angejifichaje?"

Irja alimfunua kinywa kwa mazoea, akakuta hakina meno. Akageukia gamba ahesabu pete zake za miaka, akazikuta zimelika kwa uzee hata hazihesabiki. Akafunga lakiri.

"Na mwakani tutawapata tena?" mwindaji aliuliza.

Irja alitazama foleni iliyozunguka maji.

"Kibali utakipata," alisema.