Ugonjwa wa Ubadokidogo

Mimi tangu zamani nina mdomo, na sioni aibu kusema kwamba mwaka ule wa Operesheni Vijiji nusura niwalaze wanangu watatu njaa kwa mikono yangu mwenyewe. Si kwa uvivu, jamani. Kwa bidii!

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, upande wa Matai. Mume wangu Oswaldi alikuwa amefariki, na shamba nililokatiwa lilikuwa nyasi tupu mpaka kiunoni. Kwetu nyasi kama hizo hazichomwi. Mvua zikikaribia kuisha, udongo ungali laini, tunazifukia kwenye matuta ya duara zioze, ili mwaka unaofuata zitulishie ulezi. Ukichelewa, ardhi inakauka, jembe linadunda, na ulezi huna.

Baada ya Pasaka nikapika pombe, nikaalika majirani. Walikuja kumi na wawili, mzee Leonardi akiwaongoza. Wakalima mpaka adhuhuri, wakanywa, wakaimba, wakaenda zao. Mimi nikabaki natazama matuta yao. Hili limeegemea upande. Lile nyasi zimechomoza kama ndevu za mbuzi. Na mistari imepinda! Kesho yake alfajiri nikaanza kuyafumua. Nilifumua matuta arobaini ili niyaunde upya, na hadi jioni nilikuwa nimeunda sita. Lakini sita mazuri!

Mzee Leonardi akapita, akaona. Hakunitukana. Alisema tu, "Mikono yangu si ya kufumuliwa, mama Agnesi," akaenda zake. Nikaalika watu tena, hakuja hata mmoja, pombe ikanichachia ndani.

Aliyekuja ni jirani yangu Kalista, mama Modesti, mwanamke wa kucheka, mtoto mgongoni. Akayazunguka matuta yangu polepole.

"Mama Agnesi, wewe unaumwa."

"Naumwa nini?"

"Ubadokidogo. Kila kitu kwako bado kidogo, bado kidogo, mpaka kinaharibika. Na dalili yake ni kurekebivunja. Unarekebisha, unavunja, unarekebisha, unavunja. Ukimaliza haya utakuja kufumua na ya kwangu!"

"Hebu nitokee hapa!" Nilimrushia bonge la udongo. Akalikwepa huku anacheka.

Jioni hiyo binti yangu Agnesi alikuwa anasugua chungu. Nikamnyang'anya, eti hakijatakata. Nikasugua, nikasugua, kikanipasukia mkononi. Mtoto akasema taratibu, "Mama, umekisafivunja." Hee! Kafundishwa na nani? Nikajua. Nilitaka kumzaba kofi, badala yake nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Asubuhi nikaukanyaga udongo shambani. Juu ulikuwa umeanza kukauka, na zaidi ya nusu ya shamba nyasi bado zimesimama. Nikaenda mbio kwa Kalista.

"Mama Modesti, mfumuamema ndiye mimi. Nisaidie." Neno hilo nililitunga mwenyewe njiani.

Akanipigia kigelegele kana kwamba nimejifungua. Kisha akapita nyumba kwa nyumba akiniombea radhi. Sijui aliwaambia nini, ila Jumamosi walikuja wote, mzee Leonardi nyuma kabisa, jembe begani, hanitazami.

Kalista akaniwekea mwanawe mikononi. "Mshike. Ukimweka chini tu, sote tunaondoka."

Kitoto kile kilikuwa kizito kama debe la mahindi! Nikakaa ukingoni mwa shamba, mikono imejaa, nikatazama matuta yakiinuka, mengine marefu, mengine mapana, moja lina pembe kabisa. Niliteseka, jamani. Nilijiuma midomo. Jioni shamba lote lilikuwa limekwisha, na mvua ya mwisho ikanyesha Jumatatu. Nami sikumshukuru mtu. Nilikuwa nimenuna.

Novemba mvua zikarudi. Hapa sasa nichekeni. Kabla ya kupanda ulezi, matuta hubomolewa. Unayasambaza kwa jembe, ule udongo uliooza na nyasi unautandaza, shamba linakuwa tambarare. Kila mtoto wa Ufipa anajua. Mimi pia nilijua, nimelima tangu binti, lakini siku zile zote nikiyapapasa matuta yangu, jambo hilo halikunijia kichwani hata mara moja. Nikaanza na yale mazuri. Yalibomoka kama mengine tu. Udongo ule ule, mweusi, laini, umejaa minyoo. Nilipofika katikati nikageuka nitazame yangu yaliishia wapi, ya wenzangu yalianzia wapi. Sikuona mpaka. Wanangu wangekula ulezi mwaka huo, na sehemu kubwa yake ilitoka kwenye mikono niliyoidharau.

Nikaacha jembe palepale, na matope yangu miguuni, nikaenda kwa mzee Leonardi. Nikapiga magoti, nikapiga makofi kama ilivyo desturi yetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kushukuru. Kwa matuta."

"Matuta yapi? Ya mwezi wa nne?"

"Hayo hayo. Nimechelewa, nisamehe."

"Kwani yalinyooka?"

"Sijui, mzee. Nimekwisha kuyabomoa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe lake.

"Twende," alisema, "tukamalize yaliyobaki."