Nusu Dakika ya Glenys

Glenys Probert alikuwa akimenya viazi jikoni kwake, mjini Llanelli, saa moja kasorobo jioni, alipotoweka. Kisu kikaanguka kwenye sinki. Baada ya nusu dakika alikuwa pale pale, nywele zimetimka kwa upepo. Akaokota kisu, akaendelea na viazi.

Ndivyo ilivyokuwa tangu tangazo moja la gari lianze kuonyeshwa kwenye televisheni, Aprili 1987. Alikuwa ameliigiza London kabla hajaolewa: mwanamke mwenye koti jekundu anafunga mlango wa nyumba, anamwacha mwanamume dirishani, anaingia kwenye gari dogo jeupe na kwenda zake akitabasamu. "Lako mwenyewe," sauti inasema. Kila lilipoonyeshwa, ilimbidi awemo. Gari lile lilikokotwa kwa kamba na lori ambalo watazamaji hawakuliona, maana Glenys hakujua kuendesha. Mpaka leo alikuwa hajui.

Mtaani walizoea. Akitoweka kwenye foleni ya muuza nyama, walimshikia nafasi.

"Jana ulipendeza, shoga," Nesta, jirani yake, alimwambia. "Ningekuwa mimi na gari langu, huyu wangu angesikia muungurumo tu kwenye kona."

Glenys alicheka naye. Hakumwambia kwamba kila siku alikuwa akisoma ratiba ya vipindi gazetini, na kwamba jioni hakuthubutu kushuka ngazi akiwa amembeba Bethan, binti yake wa miezi kumi. Alimwogesha asubuhi, wakati hakuna matangazo ya magari.

Alhamisi moja tangazo lilionyeshwa saa nne asubuhi. Bethan alikuwa ndani ya beseni. Kule garini midomo ya Glenys ilitabasamu, kwa kuwa haikuwa chini ya amri yake, naye akahesabu mpaka thelathini. Aliporudi, mtoto alikuwa amelala chali, maji yamefika masikioni, anatazama dari. Alimtoa, akakaa naye sakafuni mpaka maji ya beseni yakapoa kabisa.

Jioni alimwambia mumewe, Howell, "Nifundishe kuendesha. Labda nikijua nitaweza kulisimamisha lile gari."

"Klachi ya gari langu haitaki mikono migeni."

"Klachi hukanyagwa kwa mguu, Howell."

"Basi umeona? Unajua tayari." Akageuza ukurasa wa gazeti. "Halafu nusu dakika ni nini, mke wangu? Mimi chooni tu nakaa zaidi."

Kesho yake Glenys alimfunga Bethan kifuani kwa shali, kama bibi yake alivyokuwa akiwabeba wajukuu, na hakumfungua kutwa nzima. Tangazo lilipofika wakaenda wote wawili. Waliporudi, Howell alisema shali haiendani na lile koti jekundu.

Kampuni ya magari ilipiga simu siku ya tatu.

"Mama, tunakuomba usimlete mtoto," alisema bwana mmoja mpole. "Mwanamke yule hana mtoto."

"Nimwache na nani?"

"Hilo ni la nyumbani kwako, mama. Sisi tunauza magari."

Hakumwacha. Juma lililofuata sauti ilikuwa ikisema, "Nafasi ya familia nzima," na lori lilikuwa limebadilishiwa njia. Sasa gari lilizunguka kona na kurudi mlangoni, ambapo mwanamume wa dirishani alisimama akisubiri. Inasemekana gari liliuzika vizuri zaidi.

"Siku hizi unarudi," Nesta alimwambia Jumamosi, langoni.

"Narudi."

"Hata mimi ningerudi. Ningekwenda wapi?"

Howell alipiga honi. Walikuwa wanakwenda kwa mama yake Howell. Kwenye kiti cha mbele alikuwa ameweka viatu vyake vya raga, vimejaa tope, akamwambia Glenys akae nyuma. Gari lilipoondoka, Glenys aliinama na mtoto wake kifuani ili atazame miguu ya mumewe inavyokanyaga pedali. Kiti cha dereva kilikuwa kimeiziba.