Gramafoni Isiyoogopa Miguu

Mama Philomène alitaka kitu kimoja tu: gramafoni watakayonunua iwaache watu wacheze dansi ndani ya nyumba.

Ile ya zamani, kabla umeme wa mtaa wao wa Panda haujaiunguza, ilikaa juu ya kabati la vikombe, na mtu akipita kwa haraka sindano iliruka. Kwa hiyo mume wake, Nicolas, fundi mstaafu, alikuwa akiweka sahani ya muziki huku ameinua kidole, na nyumba nzima inakaa: watoto, mashemeji, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi. Rumba tamu inalia, na watu wamekunja mikono kama wanasikiliza mahubiri! Tangu waoane, Philomène hajawahi kucheza na mume wake sebuleni kwake. Jumapili hii mtoto wa binti yao Laure angebatizwa, na safari hii hakuwa na nia ya kukaa.

Katika duka la Osée, fundi wa redio, zilikuwako mbili. Moja ilikuwa mpya, nyekundu, umbo la sanduku la safari, na spika zake humo humo ndani. Nyingine ilikuwa ya mbao, kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, na spika zake zilikaa kando. Nicolas alifungua kitambaa alichofungia sahani yake, akasikiliza ile nyekundu, akasikiliza ile ya mbao, kisha akarudi kwenye nyekundu.

"Papa Nicolas, unaona namna gani?" Osée aliuliza.

"Minye ningali nasikiliza."

"Njo vile iko tangu anioe," Philomène alisema. "Osée, ukule, unywe, urudi, utamukuta angali anasikiliza."

"Ya rouge iko na sauti muzuri, Mama Laure," Osée alisema, akiigusa ile nyekundu. "Na haikamate nafasi."

"Sauti ni ya weye. Minye niko na miguu."

Akaweka mkoba chini, akakaza kitenge kiunoni, akaanza kucheza pale pale katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Hakucheza kwa aibu. Meza ikatikisika, sindano ikaruka, na mwimbaji aliyekuwa akimbembeleza mpenzi wake akajikuta tayari anaagana naye.

Nicolas akaukamata mkono wa gramafoni. "Mama Laure! Utaniulia disiki!"

"Haiko minye. Njo iyi valizi yako," Philomène alisema, akilionyesha lile sanduku jekundu.

Osée aligeuka ukutani ili acheke vizuri. Kisha akaiweka sahani kwenye ile ya mbao, na Philomène akacheza tena, kwa nguvu zaidi. Sindano haikutikisika.

Nicolas alikuna kidevu; jaribio hilo halikumtosha. "Bado. Muntu moja haiko essai. Siku ya fête ya ubatizo bantu ni mingi."

"Basi kuja, tukuwe babili."

Akautazama mlango. Nje watu walikuwa wanapita, na wawili walikwishasimama kuchungulia. Philomène akadhani atasema habari ya goti lake linalomuuma. Lakini Nicolas, katika miaka yote ya karakana, hakuwahi kupitisha mashine iliyojaribiwa kwa nusu ya mzigo, na mazoea hayo yakaishinda aibu yake. Akavua kofia, akampa Osée, akaingia kati.

Mwanzoni alikanyaga kama mtu anayepima sakafu. Halafu gitaa likapanda, mabega yakalegea, na mkono wake ukatulia mgongoni mwa mke wake, mahali pale pale ulipotulia zamani, walipokuwa wachumba. Meza ilitikisika. Wachunguliaji wakapiga makofi. Sahani ikazunguka mpaka mwisho bila kuruka.

"Papa, imepita?" Osée aliuliza.

"Ya mbao tunabeba." Nicolas alikuwa anahema, lakini mkono wa Philomène hakuuachia. "Kwanza geuza upande ya pili."

"Papa, ule upande iko rumba ya polepole. Haitatikisa kitu."

"Hata polepole inaomba essai," Nicolas alisema, akamvuta mke wake karibu zaidi.